Starehe ya mkono bandia huanzia kwenye kebo

Umeuliza kama kulainisha mkanda kunatosha kumpunguzia maumivu anayetumia mkono bandia unaoendeshwa kwa nguvu za mwili, yaani ule ambao bega likisogea huvuta kebo inayofungua au kufunga vidole. Kwa maoni yangu, hakutoshi. Mkanda unaozunguka kwapa la upande wa pili ndio unaohimili mvuto wa kebo, nayo neva na mishipa ya damu hupita papo hapo, kwa hiyo sponji hutawanya mgandamizo tu bila kupunguza nguvu inayohitajika. Ningeanza na msuguano: kebo, ambayo hufanya kazi kama ile ya breki ya baiskeli, ipite katika mapindo machache na mapana, ndani ya ala yenye bitana telezi. Glavu inayofunika vidole (wengi huisahau) nayo hukaza viungo na kula sehemu ya nguvu hiyo.