Baba alipata kiharusi, sasa usiku halali: tumpe dawa ya usingizi?

*Shikamoo dokta. Baba yangu ana miaka 64, kiharusi kilimpata miezi minne iliyopita, upande wa kulia wote ukalegea na kauli ikakatika, mpaka leo anatoa neno moja moja na saa nyingine anasema "ndiyo" kumbe anataka kusema "hapana". Mguu unarudi kidogo kidogo kwa mazoezi ila shida yetu sasa ni usiku. Tunamlaza saa mbili, mana kumnyanyua kunataka watu wawili na kaka anaingia kazini usiku, ikifika saa nane yuko macho, anagonga kitanda kwa ule mkono mzima, mama anaamka, hawalali tena mpaka alfajiri. Mchana ndo anasinzia kwenye kiti, akishamaliza uji saa nne mpaka adhana ya adhuhuri. Anakoroma sana. Kaka alinunua diazepamu duka la dawa tukampa usiku mmoja, kesho yake hakuweza hata kukaa wima wa mazoezi. Majirani wanasema ni upepo. Tumpe nusu kidonge au tufanyeje? – Binti yake, Tanga*

Marahaba mwanangu. Poleni sana, na pole ya pekee kwa mama, mana kwenye nyumba ya mgonjwa wa kiharusi huwa kuna watu wawili wasiolala na hospitali tunamuuliza mmoja tu.

Hicho kidonge kiwekeni pembeni kabisa, hata nusu msimpe. Mmempa mara moja tu kwa hiyo hakuna shida kuacha, ila msomaji mwingine ambaye mgonjwa wake ameshatumia kwa wiki nyingi asikate ghafla, aende kwa daktari wapunguze taratibu. Diazepamu inalegeza misuli, na mtu ambaye nusu ya mwili tayari imelegea anaanguka, anachelewa kwenye mazoezi kama mlivyoona wenyewe, halafu inalegeza na koo, na baba anakoroma. Hilo la kukoroma ntalirudia.

Sasa tuhesabu pamoja. Saa mbili usiku mpaka saa nane ni masaa sita. Ongeza yale ya kwenye kiti, saa nne mpaka adhuhuri, mawili na zaidi. Yani kama akilazwa tu anapitiwa, baba anapata masaa nane kwa siku! Huyo hajakosa usingizi kwa maana tunayoitumia sisi, usingizi wake umehama tu kwa sababu ratiba ya nyumba imemlaza mapema na mchana hana cha kumweka macho. Lakini kama mnamlaza saa mbili halafu yuko macho anatazama dari mpaka saa tano, hiyo ni habari nyingine kabisa na matibabu yake ni mengine. Kwenye barua yako sioni ni ipi kati ya hizo mbili, na daktari wa kliniki naye hataona, ndo mana nataka muandike.

Chukueni daftari la kawaida la shule, wiki mbili. Kila asubuhi mama aandike: kalazwa saa ngapi, kapitiwa saa ngapi, kaamka mara ngapi na kila mara alikuwa anataka nini, kaamka moja kwa moja saa ngapi, mchana kasinzia muda gani, na dawa gani kanywa saa ngapi. Msikae na saa mkononi usiku kucha, makadirio yanatosha. Hili la saa za dawa msilidharau, kama kuna kidonge cha presha kile cha kutoa maji mwilini na mnampa jioni, basi usiku kibofu ndo kinamwamsha, muulizeni daktari kama kinaweza kuhamia asubuhi, msikihamishe wenyewe.

Halafu huko kugonga kitanda. Mimi nakusihi mkuchukulie kama maneno, mana baba hana mengine. Nakumbuka mzee mmoja aliyeletwa kwetu na familia yake wakisema usiku anakuwa mkali, anapiga ukuta, naye kauli ilikuwa imekatika hivyohivyo. Tulimchorea mtu kwenye karatasi, kichwa, mikono, miguu, tukamwekea mbele bila haraka. Akaangalia muda mrefu, kisha akaweka kidole kwenye bega la upande uliopooza na hakukitoa. Kumbe walikuwa wanamgeuza usiku, ule mkono unabaki chini yake, bega linavutika mpaka asubuhi. Baada ya kuuegemeza mkono kwenye mto usiku ukatulia. Na nyinyi mchoreeni baba: mtu, choo, kikombe cha maji, uso unaolia, feni. Aonyeshe kwa kidole, na muulizeni jambo lilelile mara mbili kwa njia tofauti, kwa sababu umesema mwenyewe ndiyo yake si ndiyo kila siku.

Kukoroma: zaidi ya nusu ya watu waliopata kiharusi wana tatizo la pumzi kukatika usingizini, na mwenyewe hajui, anayejua ni anayelala jirani. Usiku mmoja mama asikilize, anakoroma, anakoroma, kimyaaa, halafu anashtuka kama anayekabwa. Kimya cha sekunde 10 na kuendelea kinachojirudia usiku ni cha kuripoti. Mrekodini kwa simu dakika tano, hiyo video mkamwonyeshe daktari kabla hata hajauliza kitu, mana pumzi hizo zinapandisha presha na presha ndo inayoleta kiharusi cha pili. Kwa sasa mlazeni kwa ubavu, kichwa kiinuliwe kidogo.

Angalieni pia kama amekata tamaa: hataki kula, analia, wajukuu wakija anageuza uso. Sonona baada ya kiharusi inampata karibu mtu mmoja kati ya watatu, inaharibu usingizi, na inatibika. Na kama jioni anahangaisha miguu, hatulii mpaka auchezeshe ule mguu mzima, semeni, kuna kipimo cha damu cha madini ya chuma.

Huku mnaandika, asubuhi mtoeni barazani apate mwanga, mchana asinzie mara moja tu isizidi nusu saa, na kulala kusogezwe hata saa tatu na nusu kama jirani mmoja anaweza kuja kuwasaidia kumnyanyua. Hao majirani wa upepo ndo muwaombe. Dua someni, haina ubaya, ila daftari nalo liandikwe. Akichanganyikiwa ghafla, akipata homa au udhaifu mpya, msisubiri wiki mbili, hospitali siku hiyohiyo.

*Dokta, mimi ni nesi wodi ya wagonjwa wa kiharusi. Nataka kutumia ile fomu ya Insomnia Severity Index, ya kupima ukali wa kukosa usingizi, inafaa kwa wagonjwa wetu? – Nesi, Morogoro*

Inafaa kwa anayeweza kujieleza. Ina maswali 7, inauliza wiki mbili zilizopita, kila swali 0 mpaka 4, jumla 28, na kuanzia 15 tunasema tatizo ni la kweli. Ila ukiwa wodini uwe makini, mtu aliyelazwa juzi anaamshwa na taa, sindano, na wewe mwenyewe ukija kupima presha saa nane usiku, kwa hiyo hiyo alama ichukue kama mwanzo tu halafu urudie akiwa nyumbani. Kukosa usingizi kwa muda mrefu tunakuita hivyo kukiwa angalau usiku 3 kwa wiki kwa miezi 3, na mchana kumeathirika.

Maswali ya mchana ndo yanadanganya. Mgonjwa wa kiharusi anachoka hata akilala vizuri, muulize kama anasinzia au mwili tu umeisha nguvu, hivyo ni vitu viwili. Na ukitumia PHQ-9, ile fomu ya maswali ya kupima sonona, kumbuka nayo ina swali la usingizi na la uchovu, alama zinaingiliana. Mwenye shida ya kauli usimjazie fomu kwa kubahatisha, mhoji anayelala naye na uandike wazi kwamba majibu ni ya ndugu. Aliyepigwa upande wa kulia wa ubongo naye anaweza kukuambia kwa sauti safi kabisa kwamba analala vizuri wala hakoromi, muulize mkewe. Mkibahatika kuwa na saa ya kupimia mijongeo ya usiku, mfunge mkono mzima, mana ule uliopooza utasoma kwamba amelala fofofo wakati yuko macho anakuangalia.