Wiki tatu na toleo la majaribio: mkono umezoea, macho yamekataa

Hii ni wiki ya tatu natumia toleo la majaribio la mfumo endeshi (programu kuu inayoendesha kompyuta nzima) ambao haujatoka rasmi, na nimeona niandike mapema kabla sijasahau siku ya kwanza ilikuwaje, maana ukishazoea kitu hukumbuki tena kilikuwa kinakukera wapi. Jina la mfumo silitaji kwa sababu kila baada ya siku chache inashuka apdeti mpya na ninachokilalamikia leo kesho kinaweza kuwa kimeshabadilishwa, halafu mambo yenyewe uwe mtu wa Windows, wa Mac au wa Linux utayakuta tu.

Kilichobadilika ni hivi. Kitufe cha menyu kuu kimetoka kwenye kona kimehamia katikati. Madirisha na menyu vimekuwa kama kioo, unaona kilichopo nyuma yake. Kona za madirisha zimekuwa za mviringo zaidi. Na ile menyu inayokuja ukibofya kulia imekatwa, amri nyingi zimesukumwa ndani. Hizo kona za mviringo sina la kusema, siku ya pili nilikuwa nimeshasahau kama zipo.

Tuanze na kitufe, maana ndicho kilichonitesa zaidi mwanzoni. Siku ya kwanza mkono wangu ulikuwa unaenda wenyewe kwenye kona ya chini kushoto, nabofya, hakuna kitu, nabofya tena kwa nguvu kana kwamba kimekwama, ndio nakumbuka kimehama. Niliweka karatasi pembeni ya kibodi, kila nikikosea napiga mstari mmoja kwa kalamu. Kufika saa sita mchana ilikuwa na mistari 31, na nilikuwa na hasira kweli, ungeniuliza saa hiyo ningekwambia mfumo mzima haufai. Siku ya tano mistari 12. Siku ya tisa mistari 3, na yote mitatu ni asubuhi nilipokuwa bado sijachangamka. Wiki ya pili nikaitupa karatasi.

Nataka uelewe hapo kwamba kitufe hakikubadilika hata kidogo kati ya siku ya kwanza na ya tisa, kilichobadilika ni mkono wangu. Kwa hiyo ile hasira ya siku ya kwanza ilikuwa haisemi chochote kuhusu mfumo, ilikuwa inasema nimetumia kona ile kwa miaka mingapi. Kitu kilichohamishwa mkono unakifuata, unachelewa lakini unafika. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 aikoni za chini ziliwekwa katikati na watu walilalamika sana, wengi wao leo hawalitaji tena jambo hilo, na asiyetaka anaingia kwenye setingi anazirudisha kushoto.

Lakini pia tusiseme kona haina maana. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Paul Fitts alionyesha kwamba muda wa kukifikia kitu unategemea kiko mbali kiasi gani na kina ukubwa gani. Sasa kitu kilichoko kwenye kona ya skrini ni kama kina ukubwa usioisha, kwa sababu hata ukisukuma mausi kwa fujo kishale kinagota pale pale, huhitaji kulenga. Cha katikati lazima ulenge. Ndio maana hata baada ya kuzoea bado nakifikia taratibu kidogo kuliko zamani, tofauti ndogo lakini ipo. Mimi dawa yangu imekuwa kibodi, nabonyeza kitufe cha kibodi kinachofungua menyu kuu, naandika herufi mbili za jina la programu, nabonyeza Enter, basi. Ukijifunza hivyo, siku wakikihamisha tena wala hutajali.

Menyu ya kubofya kulia ni habari nyingine, hii sikuizoea na nadhani sitaizoea. Kazi yangu kubwa ni mafaili, kwa siku nabadilisha majina, nakandamiza (yaani napunguza ukubwa wa faili), natuma, nahamisha, labda mara sitini au zaidi, na amri ya kukandamiza ambayo zamani ilikuwa palepale sasa iko nyuma ya mstari mmoja unaosema kuna chaguo zaidi. Yaani nabofya kulia, nasubiri, nabofya chaguo zaidi, inafunguka menyu ya pili yenye sura tofauti kabisa na ya kwanza, macho yanaanza upya kutafuta, ndio nabofya. Baada ya wiki tatu hatua ni zile zile. Hapa hakuna kuzoea kwa sababu mkono umeshajua njia, njia yenyewe ndiyo imerefushwa. Kuhamisha na kuficha ni vitu viwili tofauti, ukiwa unajaribu mfumo mpya jitahidi sana usivichanganye.

Na historia inaonyesha vilivyofichwa au kuondolewa ndivyo vinavyorudishwa watu wakipiga kelele. Windows 8 ilitoka Oktoba 2012 bila kitufe cha Start kwenye deskitopu, mwaka uliofuata Windows 8.1 ikakirudisha. Windows 11 iliondoa uwezo wa kuonyesha kila dirisha peke yake na jina lake pale chini, mwaka 2023 ukarudi. Upande wa Linux, GNOME 3, moja ya deskitopu zake, ilipotoka 2011 iliondoa vitufe vya kushusha na kukuza dirisha pamoja na mpangilio mzima ambao watu walikuwa wameuzoea, na mwaka huo huo wengine wakaamua kuiendeleza ile ya zamani kwa jina la MATE, ipo mpaka leo na ina watu wake.

Ninaupenda zaidi mfano wa Mac OS X. Septemba 2000 Apple walitoa toleo la majaribio kwa umma, na kwenye mwambaa wa juu ile nembo ya tufaha ilikuwa imewekwa katikati kama pambo tu, ukiibofya hakuna menyu. Watumiaji wa Mac walikuwa wameishi na menyu ile miaka mingi na wakasema. Toleo kamili lilipotoka Machi 2001 tufaha lilikuwa limerudi kushoto na menyu yake. Hiyo ndiyo kazi ya toleo la majaribio na ndio maana nawaomba watu msiishie kulalamika kwenye magrupu, pelekeni malalamiko kwa wenye mfumo wakati bado zege halijakauka.

Sasa nije kwenye kioo, na hapa ndipo nina neno zito.

Siku ya kwanza kilinivutia, nakiri. Unaburuta dirisha juu ya picha na rangi zinapita chini yake kama maji, nilikaa dakika kumi naburuta tu. Wiki ya pili nikabadilisha picha ya skrini, nikaweka ya anga lenye mawingu. Jioni baba yangu akaja kukaa pembeni yangu, umri umeshasogea na macho yake sio ya zamani, akaangalia juu ya skrini akaniuliza, "Mwanangu, saa umeiondoa?" Nikamwambia ipo baba, pale pale juu kulia. Akasogeza uso karibu, akavua miwani akaifuta, akaivaa tena, akasema haoni kitu pale. Nikatazama vizuri na mimi: tarakimu nyeupe juu ya wingu jeupe. Mimi nilikuwa naiona kwa sababu najua ipo, yaani nilikuwa naisoma kwa kumbukumbu. Nikajisikia vibaya kwamba nimekaa na kitu kile siku kadhaa na sikukiona mpaka mzee alipokuja.

Tangu siku hiyo nilianza kupima. Kuna mwongozo wa kimataifa wa ufikivu, yaani wa kufanya vitu vitumike na kila mtu hata mwenye macho dhaifu, unaoitwa WCAG, umetungwa kwa ajili ya kurasa za intaneti lakini kipimo chake kinafaa popote penye maandishi: maandishi ya kawaida yawe na utofauti wa mwanga wa angalau 4.5 kwa 1 dhidi ya kilicho nyuma yake, maandishi makubwa angalau 3 kwa 1. Kupima ni rahisi, piga skrinishoti, chukua rangi ya herufi na rangi ya nyuma yake kwa programu yoyote ya kuchora, ziingize kwenye kikokotoo cha utofauti, vipo vingi vya bure. Ile saa juu ya wingu haikufika hata 2. Menyu ya kioo juu ya dirisha lenye maandishi ilikuwa inabadilika kila ninaposogeza ukurasa, pengine 6, pengine 2, kutegemea nini kimepita nyuma. Na hilo ndilo linalochosha, jicho haliwezi kutulia kwa sababu nyuma ya neno unalosoma kuna neno lingine linatembea.

Mkono ulizoea ndani ya siku tisa. Macho hayazoei utofauti mdogo, yanakaza tu, na jioni kichwa kinauma. Kwa hiyo ukiniuliza kati ya mabadiliko yote lipi la kuchukulia kwa uzito, ni hili. Kelele nazo zimeshasaidia hapa, Apple walipoleta muonekano wao wa kioo unaoitwa Liquid Glass mwaka 2025, kufika Novemba walikuwa wameshaongeza chaguo la kukifanya kioo kiwe kizito zaidi kwa anayetaka. Kwenye Windows 11 kuna swichi ya kuzima uangavu ndani ya setingi za muonekano, na macOS unaipata kwenye sehemu ya ufikivu.

Ila kuna jambo watu wengi wanakosea, wanazima kioo dakika ya kwanza halafu wanasema mfumo ni mzuri. Ukifanya hivyo hujaujaribu mfumo, umejaribu setingi zako. Watu wengi watautumia ulivyokuja kwenye boksi, hawataingia setingi kabisa, baba yangu hawezi hata kujua swichi hiyo ipo. Kaa nao ulivyo wiki moja, andika, pima, tuma ripoti, halafu ndio uzime upumzishe macho.

Kuhusu kuuweka. Jamani usiuweke kwenye kompyuta yako pekee. Miaka kadhaa nyuma niliweka toleo la majaribio, mfumo mwingine sio huu, kwenye laptopu niliyokuwa naifanyia kazi, usiku mmoja apdeti ikashuka, asubuhi inafika kwenye skrini ya nywila inazima, inawaka, inafika hapo hapo inazima. Nilikuwa na kazi ya kukabidhi siku hiyo hiyo. Niliikabidhi siku mbili baadaye kutoka kwenye kompyuta ya kuazima, na mteja yule hajanipa kazi nyingine mpaka leo. Kwa hiyo tumia laptopu ya pili, au diski ya nje, na bakapu iwe kwenye diski unayoichomoa kabisa, sio ile iliyochomekwa muda wote. Tena kabla hujaanza hakikisha unajua njia ya kurudi kwenye toleo la zamani, maana mara nyingi kurudi ni kufuta kila kitu na kuweka upya.

Mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta yako, inafaa kuangalia vitu vimekaa wapi, lakini usiitumie kuhukumu kasi, vioo na mijongeo vinategemea chipu ya picha na ndani ya mashine pepe nguvu hiyo huipati yote, utaona inakwama ukadhani ndivyo ilivyo. Na hata kwenye kompyuta halisi usihukumu betri siku mbili za mwanzo. Baada ya kuinstoli mfumo unapitia mafaili yako yote upya kwa ajili ya utafutaji, feni inazunguka, betri inashuka, ni kawaida.

Ripoti nazo zina namna yake. Windows wana Feedback Hub, Apple wana Feedback Assistant, GNOME na KDE, deskitopu mbili za Linux, wanapokea hadharani na unaweza kuona kama mwenzako ameshaleta jambo hilo hilo. Tatizo moja ripoti moja, ukichanganya matano hakuna atakayejua aanze na lipi. Andika namba ya toleo, andika hatua ulizofuata, weka skrinishoti, na kama ni maandishi hayasomeki weka na namba uliyopima, kwa sababu "sipendi kioo" mtu anaweza kuipita lakini "utofauti ni 1.6 na ilitakiwa 4.5" ni ngumu kuipita. Na utume mapema, matoleo ya kwanza kwanza, karibu na kutoka rasmi mara nyingi wanashughulika zaidi na vinavyoangusha mfumo, muonekano hawaugusi sana.

Mimi niliandika mbili, ya saa na ya menyu ya kubofya kulia. Apdeti iliyoshuka juzi imeweka kivuli chepesi nyuma ya mwambaa wa juu, nimepima tena saa juu ya lile lile wingu nimepata 3.8. Bado haijafika. Nimefungua ripoti ile ile nimeongeza namba mpya na skrinishoti mpya, na jioni nitamwita mzee aje aangalie tena.