Superman mpya anafaa kutazamwa

Ndugu yangu wa Lamu, umeuliza kama filamu ya Superman ya mwaka 2025 itamfaa mtu aliyeipenda ile ya 2013, Man of Steel, nami nakujibu kuwa itamfaa sana. Mwongozaji wake, James Gunn, hakurudia kisa cha mtoto kutumwa duniani kutoka sayari ya Krypton, bali ameanza na shujaa aliyekwisha kushindwa, ambaye anaanguka kwenye theluji akivuja damu, anapiga mluzi kwa shida, na mbwa Krypto anakuja mbio kumburura. Tulipoitazama hapa Malindi, mwanangu mdogo alinishika mkono mpaka Krypto alipofika. Henry Cavill, Superman wa ile ya 2013, alikuwa na haiba nzito, sikatai. Lakini David Corenswet, Superman wa sasa, alipomwokoa kindi katikati ya mapigano, nilimwona Superman niliyempenda tangu utotoni.