Ulijuaje, Mama?

Mwanangu Rukia,

Umeniuliza nilijuaje kwamba mdogo wako anajinyima chakula na kujitapisha, ilhali wewe ulilala naye chumba kimoja na hukuona kitu. Usijilaumu. Hata mimi nilichelewa.

Sita za Shawwal, zile siku za sunna baada ya Ramadhani, alifunga, nikafurahi. Zikaja Jumatatu na Alhamisi, kisha Jumanne, kisha kila siku. Mwanamke akiwa na siku zake hafungi, na yeye hakuwahi kuacha hata moja. Hapo nikahesabu: miezi mitatu hajaziona.

Futari alikula mbio mbio, kama anayefukuzwa, halafu chooni, bomba limefunguliwa lote. Kunawa mikono hakuhitaji ndoo nzima. Nikamshika mkono wa kulia nikaona vifundo vya vidole viwili vimeota sugu, meno yanavikwaruza anapojitapisha. Mwili unakwisha, lakini mashavu yamevimba chini ya masikio. Nami kwa kuyaona mashavu tu nilikuwa nimemwambia, mbele ya shangazi zako, "Mashaallah, umenenepa!" Kwetu hiyo ni sifa. Usiku ule hakula.

Daktari wa kwanza alimpa dawa ya vidonda vya tumbo. Wa pili akapima damu, akakuta potasiamu iko chini kwa sababu ya kutapika. Akasema moyo huweza kupiga ovyo hata kusimama, akamlaza hapo hapo. Mimi nilishapika biriani ya kumpelekea! Kumbe aliyekaa na njaa muda mrefu akilishwa ghafla, madini ya damu hushuka, na anaweza kufa. Alianza na vijiko vichache, damu ikipimwa kila siku.

Sasa huonana na mwanasaikolojia kila wiki. Nyumbani tunakula pamoja mara tatu kwa siku, na tukimaliza haendi chooni nusu saa. Tunachambua mchele wa kesho, tunasengenya watu kidogo. Mizani nimempa jirani. Kufunga daktari amemkataza. Alilia sana, mpaka nikamsomea Al-Baqara, aya ya 184, ile inayowaruhusu mgonjwa na msafiri wasifunge.

Ukija Idi usimwambie amenenepa, wala amekonda. Mletee kitambaa. Anajishonea mwenyewe siku hizi, ingawa bado anashona magauni mapana, wawili mnaenea.

Mama yako