Supavaiza kaikataa inkubeta yangu, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo kaka, hongera kwa kazi. Mi niko mwaka wa tatu uhandisi mitambo, mwakani tunafanya projekti ya mwisho na nilitaka kutengeneza inkubeta ya mayai ya kuku inayojiendesha yenyewe, sensa, hita, Arduino (kile kikompyuta kidogo cha kuongoza vifaa), kila kitu. Supavaiza kaikataa, anasema kila mwaka inaletwa na hamna utafiti ndani yake. Nibadilishe topiki kabisa? Halafu haya mambo ya mekatroniki, kodi na PID, sisi wa mitambo tunayapitia juu juu tu.
Mwanafunzi, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Topiki ibaki, swali ndo libadilike. Mwalimu wako yuko sahihi kwamba vifaranga wakitoka siku ya 21 utakuwa umeonyesha unajua kutengeneza, ila hatujajifunza kitu kipya, na utafiti unataka swali linalopimika. Inkubeta inayo mengi tu.

Joto linatakiwa likae kwenye nyuzi 37.5 hivi. Ukitumia kidhibiti cha kuwasha na kuzima tu, hita ikizimwa chuma chake bado cha moto na sensa nayo inachelewa kusoma, basi joto linapitiliza, likirudi chini linashuka kupita kiasi, inakuwa hivyo hivyo usiku kucha. PID, yaani kodi inayoongeza au kupunguza nguvu ya hita kidogo kidogo kulingana na tofauti ya joto lililopo na linalotakiwa, inatuliza hilo, lakini wengi wananasa hapa: kisanduku kikiwa bado baridi hita iko mwisho wa nguvu zake na ile I, sehemu ya PID inayojumlisha tofauti zilizopita, inaendelea kujumlisha tofauti ya joto, kwahiyo hata ukifika 37.5 yenyewe inazidi kusukuma. Izuie isijumlishe wakati hita imefika mwisho, ni mistari michache ya kodi, wala usiiogope.

Pia angalia sensa yako. DS18B20 wanayoitumia wengi inaweza kukosea hadi nusu nyuzi, sasa mtu akiandika kwenye ripoti kwamba kadhibiti joto kwa usahihi wa nyuzi 0.1 bila kuilinganisha na kipimajoto cha uhakika, panelisti makini atamuuliza na hatakuwa na jibu.

Ila mimi ningekushauri uende kwenye umeme kukatika, maana hapo ndo fani yako ya mitambo inapokuwa na nguvu kuliko kodi ya mtu yeyote. Uliza: umeme ukikatika, joto ndani linashuka kwa kasi gani, na nikiweka chupa za maji nitapata muda gani zaidi? Maji yanabeba kilojuli 4.18 kwa kila kilo kwa kila nyuzi moja. Kisanduku kikiwa kinapoteza wati 20, lita 5 za maji zinakupa kama dakika 17 kwa kila nyuzi inayoshuka, kwa hesabu ya karatasi. Je kwenye kisanduku halisi inakuwa hivyo? Feni nayo imezima, hewa haizunguki, kona moja inapoa kabla ya nyingine! Weka sensa nne tano sehemu tofauti, jaribu kuta za unene tofauti, rudia kila jaribio zaidi ya mara moja na data ghafi usizifute.

Anza na kisanduku kitupu, mayai baadaye. Ukipata grafu ya kwanza ya joto linavyoshuka mpelekee supavaiza pamoja na hesabu yako ya karatasi, mkae muongelee kwa nini hazifanani.