Dada, mmejengaje kwa mshahara huu?

Tangu niweke picha ya nyumba yetu ya Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, hilo ndilo swali ninaloulizwa kila siku. Mdogo wangu mmoja wa Mwanza ameniandikia kwamba mwezi Januari alibandika malengo yake ukutani, juu ya kitanda, na la kwanza ni "kujenga". Mwaka unakatika, hajanunua hata ndoo ya kokoto. Anataka kujua anakwama wapi. Namjibu hapa hapa, maana najua hayuko peke yake. Kila anayenisoma anatamani kulala kwake.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mume wangu anaendesha bajaji ya mtu, jioni anapeleka hesabu kwa tajiri. Hatuna mjomba Ulaya wala urithi wa shamba. Tulipanga Mbagala miaka mingi, vyumba viwili, choo cha kuchangia, na kila mwaka mpya tuliambiana kwamba safari hii tunajenga. Kisha ada, kisha homa ya mtoto, kisha michango. Wahenga wa mjini wanasema mipango si matumizi.

Kilichobadilisha mambo ni maneno ya mwenye nyumba. Alipandisha kodi, akataka ya miezi sita kwa mkupuo, nasi tukamwomba atupokee ya miezi mitatu. Alikuja asubuhi, watoto wameshavaa sare wanakunywa chai, akasimama mlangoni na kusema kwa sauti ya kusikika uani kote: "Mwalimu, kama mji umekushinda, rudi kijijini. Wapangaji wapo." Mwanangu mkubwa alisukuma kikombe pembeni, akatoka bila kuaga. Kodi tulilipa, kwa kukopa. Yale maneno bado ninayo, na sioni sababu ya kujifanya yameisha.

Jioni ile sikuandika "kujenga". Nilimpigia fundi tunayesali naye, nikamuuliza msingi wa vyumba viwili na sebule unakula tofali ngapi. Akasema kama 1,000 za inchi 6. Mfuko mmoja wa saruji unatoa tofali ngapi? Akasema ukitaka tofali la kudumu usivuke 35. Wapo wanaofyatua zaidi ya 50, lakini hizo ukiziangusha zinarudi kuwa mchanga. Nikagawanya, ikaja mifuko 29, nikaiita 30. Nikaangalia mshahara baada ya chakula, kodi, nauli na marejesho ya mkopo: mifuko miwili kwa mwezi naiweza. Miezi 15. Ndoto iliyokuwa imening'inia hewani ilipata tarehe, kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la maandalio ya masomo.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye siri yote. "Kujenga" ni matamanio. Mifuko miwili ya saruji kabla ya tarehe 30 ni lengo, kwa sababu tarehe 30 utajua umenunua au hujanunua, na hakuna maneno ya kujitetea.

Wanaoendesha semina za malengo watakutajia masharti matano: lengo liwe mahususi, lipimike, na kadhalika. Aliyeyapanga, Mmarekani George Doran, aliyachapisha mwaka 1981 katika jarida la mameneja, na sharti mojawapo lilitaka ijulikane ni nani aliyekabidhiwa kazi. Sharti hilo watu hulibadilisha wanapoyaleta nyumbani, wakati sisi wa mishahara midogo ndilo tunalolihitaji zaidi. Ofisini kuna bosi wa kukuuliza. Nyumbani nani anakuuliza? Kwetu tuligawana: saruji yangu, mchanga na fundi vya mume wangu. Yeye kila siku akishatoa mafuta na hesabu ya tajiri alitia shilingi 2,000 kwenye kibubu cha mbao, na kibubu kilikaa kwa mama yake ili kisiwe karibu na mikono yetu.

(Habari za kiwanja nitazieleza siku nyingine. Kwa leo itoshe kusema: muuzaji afahamike serikali ya mtaa, majirani wa mipakani wawepo mnapoandikishana, na halmashauri uulizie kama eneo limepimwa.)

Tulianza kufyatua mwanzoni mwa 2020. Saruji haiwekwi, ikikaa miezi mitatu, hasa masika, inaganda mabonge. Kwa hiyo kila mwezi mifuko miwili ikifika fundi anaifyatua, na mimi jioni nikitoka shule napanda daladala kwenda kumwagilia na kufunika kwa magunia. Tofali lisilonyweshwa maji siku zake za mwanzo halikomai. Kwenye tofali la mwisho la kila mwezi, kabla halijakauka, niliandika jina la mwezi kwa msumari. Machi lipo, liko chini ya chumba cha watoto.

Mwishoni mwa mwaka ule saruji ikaadimika na bei ikaruka, mnaokumbuka mnakumbuka. Anayeweka fedha tu angekata tamaa, kwa sababu fedha ile ile ilikuwa hainunui kilichopangwa. Sisi daftari lilikuwa na orodha nzima ya vifaa vya msingi, tukahamia kwenye kokoto na nondo hadi bei ilipotulia. Andika lengo lako kwa vitu, kisha weka bei pembeni kwa penseli.

Sasa nataka kusema la ndugu, na naomba nieleweke. Fedha iliyoko kwenye simu ina ndugu wengi. Leo kadi ya mchango wa harusi, kesho kikao cha kitchen party, keshokutwa kamati ya ubarikio wa mtoto wa binamu. Misiba nilichanga, na wagonjwa sikuwapa kisogo. Harusi nilitoa nilichopanga na si zaidi. Shemeji yangu mmoja alisimama kwenye kikao cha ukoo akasema mwalimu amekuwa bahili tangu apate "mabanda" Chanika. Wakacheka. Sikumjibu. Lakini wewe unayesoma, jiulize waliocheka watakuja siku mwenye nyumba anakutolea vyombo nje? Nunua vitu mshahara ukitoka, siku ile ile. Hakuna anayekuja kukukopa tofali 10 aende nazo kwenye harusi.

Tukamwaga jamvi la zege juu ya msingi, tukapandisha kuta, tukafunga lenta juu ya milango na madirisha. Hapo sina ushauri mpya: mifuko miwili kwa mwezi, miwili kwa mwezi.

Kupaua ndiko kunakoangusha wengi. Pita Chanika, Kivule au Mapinga uone mapagale yenye mipapai iliyoota sebuleni. Tofali unakusanya kidogo kidogo, lakini paa haliezekwi nusu. Mbao za kenchi zinazobeba bati, misumari, bati na fundi vyote vinadai kwa wakati mmoja. Lengo la namna hiyo linataka fungu. Kikoba chetu kinakopesha mara tatu ya akiba ya mwanachama, hivyo mapema kabisa, kuta zikiwa bado chini, niliongeza hisa kila Jumamosi nikijua ninaelekea kwenye paa. Wenzangu walipovunja kikoba na kugawana akiba mwezi Desemba wakaenda na mgao sokoni Kariakoo, wangu uliingia kwenye mbao wiki ile ile. Mwaka mpya wa kikoba ulipoanza nikakopa ya bati.

Tumehamia sakafu ikiwa ya saruji tupu, madirisha yana grili bila vioo, dari hakuna. Wapo wanaosema tungesubiri imalizike. Kodi ya miezi sita tuliyoacha kulipa ndiyo iliyotuwekea milango ya vyumbani. Nasema kwa kujivuna, na nina haki ya kujivuna: mwalimu aliyeambiwa arudi kijijini leo ana namba yake ya nyumba.

Usiniambie mshahara wako ni mdogo, wangu unaujua. Na anayetaka kurudi chuo, au kununua bajaji yake mwenyewe, hesabu ni hizi hizi: ulizia ada ya muhula mmoja, ulizia malipo ya kuanzia, gawanya kwa unachoweza kila mwezi, kisha mpe mtu mmoja mwenye ukali ruhusa ya kukuuliza. Kwa anayejenga, kesho ukitoka kazini pita duka la vifaa vya ujenzi, uliza bei ya saruji na ya nondo ya milimita 12, ziandike pamoja na tarehe. Halafu mpigie fundi, usimwulize nyumba nzima ni shilingi ngapi. Mwulize msingi unakula tofali ngapi.