Paniye ya duka yako inakula mega ya bakliya, anza kutengeneza hapo

Kila mara mtu ananiita hapa Lubumbashi juu duka yake ya intaneti iko nzito, anaanza kunionyesha ukurasa wa kwanza, mapicha, rangi, logo. Mi namujibu, ngoja kwanza, fungua paniye, kale kakapu kwenye kliya anaweka bintu anataka kununua. Ku ukurasa wa kwanza mtu anatembea tu, ku paniye njo kwenye feza inapita, na pale njo duka mingi inapoteza bakliya: mtu wa Katuba ao wa Kenya, komini za hapa Lubumbashi, aliweka mamega kidogo ya siku, anaona kale kaduara kanazunguka, kanazunguka, mega inaisha, anafunga, anaandikia muuzaji mwengine ku WhatsApp na ananunua kule. Kesho harudi.

Mi natumika sana na WooCommerce, plagini yenye inageuza siti ya WordPress kuwa duka, juu ni ya bure na batu mingi wako nayo. Ilitoka mu 2011, sasa utakuta maduka yenye tema (sura ya siti) na maplagini (vipande bya kuongeza ku siti) ya zamani ndani, hakuna mtu aliyeigusa tangu ile siku waliiweka.

Kitu ya kwanza ninaangalia ni ile skripti (kaprograma kadogo) ya kuhesabu bintu biko mu paniye, ile kanamba kadogo pembeni ya picha ya paniye kule juu. Kwa miaka mingi WooCommerce ilikuwa inaiita ku kila ukurasa, hata kama mtu hajachagua kitu. Na ile ombi haipite mu kashe, ile kopi ya ukurasa yenye inachungwa tayari, inafika mpaka ku seva, seva inaamsha WordPress yote na database, kisha inajibu "ziro". Ni kama kutuma mtoto mpaka Kasumbalesa, kule ku mpaka na Zambia, aulize kama chumvi iko mu jikoni yako. Kama seva yako iko Marekani na mtu wako iko ku 3G, we mwenyewe hesabu. Tangu versio 7.8, mu 2023, WooCommerce iliacha kuiita ku kila ukurasa, inabakia tu kwenye kuko ile paniye ndogo. Lakini tema mingi ya zamani inaendelea kuiita yenyewe, kwa hiyo usiamini juu umefanya mise à jour, fungua siti ku kompyuta, angalia maombi yenye inatoka, ukiona wc-ajax=get_refreshed_fragments ku ukurasa wenye hauna paniye, zima ile kitu hapo.

Kashe ni nzuri, iweke, lakini paniye, ukurasa wa kulipa na akaunti ya mtu haiingie mu kashe hata siku moja. Mi nimeona duka kwenye kliya anafungua paniye anakuta bintu bya mtu mwengine, na jina yake juu. Ile inaua duka kuliko uzito.

Sasa mambo ya kupatana kwa maplagini na WooCommerce ya mupya, hapa njo naomba usome polepole, juu hapa njo feza ya batu inapoteaga. Zamani kila komande ilikuwa inawekwa mu tabo (tableau ya database) moja na maandishi ya blogu, wp_posts, na kila kakitu ka komande, namba ya telefone, bei, anwani, kila kamoja na mustari wake mu wp_postmeta. Duka ikikua, ile tabo inavimba, kutafuta komande moja inachukua muda. Tangu 8.2, Oktoba 2023, maduka mapya yanapata HPOS yenyewe, njo kusema komande iko na matabo yake ya pekee. Duka ya zamani inabidi uiwashe we mwenyewe mu mareglaje. Faida yake naiona kabisa, mwenye duka anafungua liste ya makomande bila kungoja.

Lakini plagini ya kulipa na M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, mara mingi iliandikwa na kijana wa hapa hapa, iliandikwa zamani, na inaandika "imelipwa" moja kwa moja mu matabo ya zamani. Ukiwasha HPOS, ile matabo haisomwe tena. Kliya analipa, feza inatoka ku telefone yake, komande inabakia "inangoja". Anakuita, anakasirika, na iko na haki. Kabla ya kuwasha, uliza ule aliyeandika plagini kama anatumia $order->update_meta_data() kisha save(), ao bado update_post_meta(). Kama ni ya pili, alipwe atengeneze, haina kazi kubwa. Na mwanzo ubakishe ile reglaje yenye inaandika komande pande zote mbili, ya zamani na ya mupya, mpaka utulie.

Shida ingine inafanana: tangu 8.3, Novemba 2023, duka mupya inapata paniye na ukurasa wa kulipa wa mabloki, namna ya mupya ya WordPress ya kujenga ukurasa kipande kwa kipande. Plagini yenye haijui mabloki haionekane pale kabisa, mtu anafika kulipa anakuta hakuna njia ya Airtel Money. Plagini haijaharibika. Rudisha ukurasa wa zamani na shortcode (kakodi kafupi unaandika ndani ya ukurasa) [woocommerce_checkout], itaonekana tena.

Na kuna kitu chenye wandugu wanaotengeneza masiti ku kompyuta ya nguvu hawaone. Mtu wetu iko na telefone ya RAM kidogo. Akifika kulipa, anaacha browser, anaenda kuweka PIN, na telefone inaua ile ukurasa juu memoria imejaa. Akirudi inaanza upya. Paniye yenyewe haipotee, WooCommerce inaichunga mu database masaa 48 hata kwa mtu hana akaunti, lakini kama plagini yako inangoja mtu arudi ku ukurasa njo iandike kama amelipa, umepoteza. Habari ya malipo inapashwa kutoka ku kampuni ya simu moja kwa moja mpaka ku seva yako, bila kupitia telefone ya kliya. Mi hii ningeilipia mbele ya kitu ingine yote.

Mapicha, mbio mbio: zipunguze, tumia WebP, aina ya picha yenye iko nyepesi, WordPress inaikubali tangu 5.8. Chunga tu iPhone 6, bado iko mu mikono ya batu hapa, inaishia ku iOS 12 na Safari, browser yake, ilianza kusoma WebP ku 14, kwa hiyo bakisha JPEG pembeni.

Mise à jour usiifanyie ku duka yenye inauza. Tengeneza kopi ya siti, fanyia pale, kwanza maplagini, kisha WooCommerce, kisha PHP. Halafu chukua telefone ya bei ya chini, zima Wi-Fi, na ufanye komande ya kweli ya franka kidogo, moja na M-Pesa, moja na Airtel Money, moja na Orange Money, ukitoka mu browser katikati na kuifunga kabisa, uone kama komande inageuka "imelipwa" yenyewe.